Vipande Vinane vya Akiba

Watu wa nyumbani wameniuliza miaka mingi kazi yangu khasa ni nini, na sijapata kuwajibu wakaridhika. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake Zuwena anafanya kazi kwenye televisheni ya spitali. Ukweli ni kwamba nilikuwa mgawaji. Nilikaa kwenye chumba kimoja cha baridi kali hapa Ibra, Oman, pamoja na mtambo unaounganisha skrini za vituo vyetu vya afya ili watu waonane na kusemezana kutoka mbali. Mtambo huo hauwezi kumuunganisha kila mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo lazima awepo wa kusema nani apate na nani angoje. Huyo nilikuwa mie. Sasa nimestaafu, na nyinyi mliobaki mle chumbani mmenitaka niwaandikie ninayoyajua. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana sijaona cheo kilichomfundisha mtu kazi. Nitayapanga mambo yalivyofuatana, na mengi yake si ya kufurahisha, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke mapema.

Mie mzaliwa wa Tabora. Tulirudi Oman nikiwa msichana wa skuli. Wazee husema "tulirudi", ingawa mie nilikuwa sijawahi kufika. Kiarabu changu kilikuwa cha kusomea Kurani tu, na wenzangu darasani walikuwa wakiangua kicheko kila nikiomba ruhusa ya kunywa maji. Miaka michache baadaye ulimi huo huo wa Tabora uliochekwa ndio ulionipa kazi. Spitali ilikuwa na madaktari wa Kihindi na wa Kimisri, wauguzi wa Kifilipino, na wagonjwa wazee waliokulia Afrika, ambao wakizidiwa na maumivu Kiarabu chote huwatoka kichwani. Alitakiwa opereta wa simu atakayewasikiliza wote hao.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikapelekwa kwa Bwana Saleh, mkuu wa chumba cha simu. Alikuwa mtu wa Unguja mjini, mrefu, mkali, kanzu yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kupita karibu. Kiswahili chake kilikuwa safi hata nikaona haya kufungua mdomo, nikijijua changu nimekijaza Kiingereza cha watu wa bara.

"Hapa, mwanangu, pana laini sita za kutokea nje, na watu mia wanazitaka," aliniambia. "Usidhani kazi yako kupokea simu. Kazi yako kujua nani ana dharura ya kweli na nani amechoka kungoja tu."

Nikamuuliza nitajuaje.

"Utasikiliza. Na ukikosea ndiyo utajua zaidi."

Alinifundisha mambo mawili ambayo nimeyatumia mpaka siku ya mwisho. La kwanza ni daftari la miraba na penseli. Kila laini na mstari wake, kila robo saa na mraba wake, unapaka anayetumia na unafuta anayetoka. Mmeniona nalo nyote, na najua mlilicheka. La pili ni namna ya kukata. Watu walikuwa na tabia ya kuweka mkono wa simu mezani wakaenda kunywa chai, laini ikabaki imeshikwa na mtu asiyekuwepo. Bwana Saleh alikuwa akivaa kisikilizio, anauliza, "Mmekwisha?" Ananyamaza kidogo, anauliza tena. Akiuliza mara ya tatu asijibiwe, anakata, awe aliyeshika laini ni daktari mkuu au mpishi. Nilimwona akifanya hivyo kila siku kwa miaka saba na sikumwona akiomba radhi kwa yeyote. Alistaafu, akarudi kwa wanawe Maskati, akafariki kabla ya kuiona skrini hata moja.

Mtambo wa picha ulipokuja tulipelekwa mafunzoni wiki mbili. Mwalimu alikuwa kijana aliyeupenda sana mtambo wake, akiupapasa kama farasi. Alichotueleza nitawapa kwa ufupi, kwa sababu nyinyi mmekuja wakati kila kitu kimo ndani ya programu na wengine hamjui kinachotokea chini yake. Nguvu za mtambo zimegawanywa vipande. Mtambo wetu ulikuwa na vipande sitini. Anayetaka picha kali, ile inayoonyesha mpaka vinyweleo, anakula vipande vinne. Anayeridhika na picha ya kawaida anakula kimoja. Wa sauti tupu hali hata kimoja. Unaweza kuuacha mtambo huru, anayewahi ndiye apataye, au unaweza kuweka nafasi mapema kwa kikao fulani, na nafasi hiyo haitoki mpaka mshiriki atoke au akatwe, au kikao kifungwe. Hili la mwisho likumbukeni. Mtambo haujui kama kiti kina mtu au hakina.

Siku tuliyounganisha Nizwa kwa mara ya kwanza, chumba kilijaa watu waliokuja kutazama. Daktari wa Nizwa aliongea robo saa nzima tukiwa tunaona paji lake la uso na feni ya darini. Mzee mmoja wa baraza la spitali alijiona kwenye kidirisha kidogo pembeni, akaacha salamu katikati akaanza kukifunga upya kilemba chake. Mie nilijifunza siku ile kwamba sauti ndiyo ishughulikiwe kwanza, maana watu huvumilia picha mbovu lakini sauti ikikatika wanaanza kutukanana. Nilijifunza pia kwamba kebo inayokanyagwa na mfagiaji kila asubuhi haiwezi kutengenezwa na mhandisi yeyote duniani, ila kwa kuihamisha.

Kosa langu la kwanza nalieleza kwa sababu ndilo lililozaa la pili. Mudiri wetu, mkuu wa vituo vyote, alikuwa akifanya kikao na wakuu wa vituo kila Jumapili asubuhi. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, asiyependa kuharakishwa. Jumapili moja mazungumzo yalikwisha, kimya kikaingia, na kituo kimoja kilikuwa kinangoja nafasi. Nikauliza kwenye kipaza sauti, "Mmekwisha?" Mara tatu, kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na jibu. Nikakata.

Kumbe Mudiri alikuwa anaomba dua kimoyomoyo, na wakuu wote wameinamisha vichwa wakimngoja. Kwa wale wakuu nilikuwa nimemfungia mzee mlango usoni akiwa na Mola wake. Sikufukuzwa. Ilibidi niende nyumbani kwake na kaka yangu mkubwa, mie nikakaa kwa wanawake, na kaka yangu akaomba radhi mbele ya baraza la wanaume kwa niaba yangu kabla hajagusa kahawa. Mudiri alimsamehe kwa maneno mazuri. Kaka yangu hakusema nami mwezi mzima. Tangu siku hiyo nikaacha kuuliza "Mmekwisha?" kwa wakubwa, nikawa nangoja wakate wenyewe.

Sasa wenyewe hawakati. Mnajua adabu zetu za barazani. Mgeni haondoki mpaka aombe ruhusa kwa mwenye nyumba, na mdogo hasimami kabla ya mkubwa. Adabu hiyo waliihamishia kwenye skrini jinsi ilivyo. Kikao kikiisha, hakuna mkuu wa kituo aliyethubutu kutoka kabla ya Mudiri kuaga kwa "fi aman illah" na picha yake kuzimika. Akichelewa dakika tano, wote wanangoja dakika tano wakitazamana na kumiminiana kahawa. Nami nilikuwa na hesabu yangu. Mudiri na vituo kumi na viwili, kila mmoja picha kali, vipande hamsini na viwili. Vilivyobaki vinane niliviita akiba, na nilivigombania kwa meno. Dharura ya mgonjwa inahitaji pande mbili, daktari wa kituo upande mmoja na bingwa wa Maskati upande wa pili, kila upande vipande vinne, maana sheria ya spitali ilikataza picha ya kawaida kwa mgonjwa, upande wowote. Vinane. Ilitosha dharura moja.

Kisha kikaja kituo cha Manah. Kilikuwa kipya, na mkuu wake alikuwa akishiriki kikao kwa sauti tupu. Baada ya Jumapili kadhaa alinipigia.

"Ya Zuwena, wenzangu wote wana nyuso, mimi ni sauti tu kama mtu wa redio. Kwa nini?"

Nikamwambia nitampa picha ya kawaida, kipande kimoja.

"Na wa Sur anapata kali? Sote ni wakuu."

Nikamweleza akiba ni ya nini. Nilieleza vizuri, naamini. Akapeleka shauri kwa Mudiri, na Mudiri, ambaye hakupenda mtu yeyote avunjiwe heshima, aliamuru Manah apewe picha kali kama wenzake. Akiba ikabaki vipande vinne. Vipande vinne ni daktari upande mmoja anayeiangalia skrini isiyo na mtu upande wa pili. Niliyajua hayo kwa yakini siku ile ile, nikapaka mraba wa Manah kwenye daftari, nikanyamaza. Nilijiambia ni saa mbili tu kila Jumapili.

Jumapili niliyokuwa naiogopa ilifika baada ya miezi minne hivi. Kikao kilianza saa tatu kama kawaida. Saa nne na robo waliomba dua, na kabla Mudiri hajaaga, katibu wake aliingia akamnong'oneza kwamba pana mgeni mkubwa nje. Mudiri akasimama akatoka. Hakusema "fi aman illah". Picha yake ilibaki kwenye skrini, kiti cha ngozi na bishti yake, joho lile jeusi, imetundikwa mgongoni pa kiti. Wakuu kumi na watatu wakakaa wanakitazama.

Dakika tano baadaye simu ya dharura ililia. Alikuwa Dakhtari Raya, binti wa watu waliotoka Bujumbura, mzaliwa wa Sur, aliyekuwa kwenye kispitali kidogo cha pwani upande ule wa Ras al Jinz. Kituo chao kilikuwa kidogo mno hata hakikupewa kiti kwenye kikao cha Jumapili.

"Bi Zuwena, shikamoo. Nataka laini na bingwa ya Maskati sasa hivi. Iko mgonjwa hapa, upande yake ya kulia imelala, na maneno hayatoki."

"Marahaba, mwanangu. Yalimwanza lini?"

"Mke yake anasema saa kumi na mbili na nusu alikuwa mzima, wallahi anacheka. Picha ya kichwa tumepiga. Dawa ya kuyeyusha damu iko hapa mkononi kwangu. Lakini mwisho yake saa tano. Baada ya hapo mamnuu, hapana ruhusa."

Dawa ile ina hatari ya kumtoa mtu damu ubongoni, kwa hiyo sheria ilikuwa haitolewi mpaka bingwa amwone mgonjwa kwa macho yake, amwambie ainue mkono, atabasamu, aseme jina lake. Simu ya sauti haikutosha, na simu za mkononi kule pwani wakati ule zilikuwa hazibebi picha. Kumkimbiza Sur na kumpokea upya kungekula muda wote uliobaki. Nilimwambia Raya angoje kidogo. Nikaagiza mtambo uunganishe, nao ukajibu ulivyojibu siku zote: nafasi hazitoshi.

Nilihitaji kumkata mmoja. Mmoja tu kati ya kumi na wanne, na wote hawakuwa wakifanya kitu. Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu. Nataka mlielewe jambo hili vizuri, kwa sababu baadaye nililiandika kwa namna nyingine. Mtambo ulikuwa mzima. Mtandao ulikuwa mzima. Mie ndiye niliyekuwa nimekaa na kidole juu ya kitufe nikiwaza baraza la wanaume na kaka yangu anaomba radhi.

Nikampigia mkuu wa Manah kwenye simu ya mezani. Nikamwona kwenye skrini akiipokea.

"Samahani sana," nilisema, "nina shida ya nafasi. Ungeweza kutoka?"

"Nitokeje kabla ya Mudiri? Watu wote wananiona. Mwambie mwingine, Allah yihfadhik."

Sikumwambia kuna mtu anapooza. Nilisema nina shida ya nafasi, kama jirani anayeazima viti vya harusi. Mpaka leo sijui kwa nini maneno hayakunitoka. Nadhani niliona kumwambia mkubwa "mtu anakufa, toka" ni kumgombeza. Nikampigia katibu wa Mudiri, na yeye pia nikamwambia kwa adabu hiyo hiyo.

"Lahdha tu, dakika moja, Bi Zuwena. Ana mgeni, sasa hivi anarudi."

Raya alipiga tena saa nne na dakika thelathini na tano. Akapiga saa nne na dakika hamsini, na mara hii hakunisalimu. Nyuma yake nilimsikia mwanamke akimwita mtu kwa jina, Khamis, Khamis, bila kupaza sauti, kama anayemwamsha akasali. Nikampigia tena katibu. Lahdha. Kwenye skrini mkuu mmoja alikuwa anamenya chungwa.

Mudiri alirudi saa tano na dakika tano. Akavaa bishti yake, akawaomba radhi wenzake kwa kuwachelewesha, akasema "fi aman illah". Picha kumi na nne zilizimika haraka kuliko ninavyoweza kuandika. Niliunganisha Maskati na pwani kwa muda usiofika dakika. Bingwa alimtazama mgonjwa, akamwambia ainue mkono wa kulia, akamwambia aseme jina lake. Akauliza saa. Akaitazama saa yake mwenyewe, kisha akamwambia Raya wakati umepita, asimpe dawa, ampe aspirini na amhamishe Sur. Nilikuwa nasikiliza, kama nilivyofundishwa kusikiliza. Nikafuta miraba kwenye daftari, mmoja mmoja.

Ripoti niliiandika mie. Niliandika kwa Kiarabu kizuri, maana kufikia hapo hakuna aliyekicheka tena: "Maunganisho yalichelewa kwa kukosekana nafasi za kutosha katika mtambo." Hakuna neno la uwongo hapo. Mudiri alitia saini bila kuuliza, na wakubwa wake walioisoma walinunua mtambo mkubwa zaidi.

Khamis aliishi. Nilipata habari zake kwa Raya vipande vipande, bila kuuliza sana. Alikuwa mwelezaji wa wageni kwenye kituo cha kasa cha Ras al Jinz. Kila alfajiri alikuwa akiwachukua watu ufukweni akiwaeleza kasa anavyochimba, anavyotaga, anavyorudi baharini, kwa Kiarabu, Kiingereza, Kijarumani na Kiswahili, kutegemea nani yupo mbele yake. Asubuhi ile alikuwa ametoka kuwaaga wageni, akarudi nyumbani akanywa chai. Lugha zote nne zilimtoka pamoja. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na moja.

Kilichofuata kazini nakieleza kwa faida yenu. Kwenye ratiba yenu kuna kikao kinachoitwa "Matengenezo". Kipo kila siku, saa zote, hakina mshiriki hata mmoja, na kinakula vipande vinane. Programu mpya ilipokuja nilikihamisha kwa mkono wangu, na mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama akifute, nikamjibu kwa ukali asikiguse. Si matengenezo. Nilikiweka wiki ile ile ulipofungwa mtambo mkubwa, baada ya Khamis, na nilikipa jina la kuchosha makusudi ili pasiwe na mkuu atakayekitamani. Ikija dharura nakifunga, nawapa wagonjwa, kisha nakifungua tena. Miaka yote hiyo hakuna aliyekigundua. Msikifute, na msikieleze kwenye mkutano wowote.

Halafu ikaja korona, ambayo mnaikumbuka wenyewe. Familia ziliagana na watu wao kwa skrini, mgonjwa Sur na wanawe Nizwa, na wote walitaka saa zile zile. Vipande vinane havikutosha hata asubuhi moja. Ndipo nilipoanza kuwakata wakubwa. Nilikuwa navaa kisikilizio, nasema, "Kuna mtu anaaga wanawe, nawakata," nami nakata katikati ya sentensi. Nilimkata mrithi wa Mudiri mara tatu ndani ya siku moja. Nilikuwa nikingoja simu ya kunigombeza, na simu haikuja, hata moja. Mkuu wa Manah, yule yule, alikuwa akitoka mwenyewe akiona jina langu kwenye skrini. Nilikaa kwenye kiti changu nikalia, na wenzangu walidhani nawalilia waliokufa.

Kila sikukuu, miaka yote hii, nilikuwa naletewa kopo la halwa kutoka Sur. Anayeniletea ni Raya, na anayeituma ni Asila, mke wa Khamis. Raya, kwa wema wake, alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba mtambo ulikataa na kwamba Bi Zuwena alihangaika sana na simu. Kwa hiyo Asila alikuwa ananishukuru. Halwa yenyewe nzuri, ya zafarani na lozi, na nilikuwa naila.

Wiki ya pili ya kustaafu nilimwomba mpwa wangu anipeleke Sur. Tulivuka daraja tukaingia Aija, ambako Asila amehamia kwa wazee wake, kwenye nyumba ya zamani yenye mlango mzito na ngazi za kuchosha magoti. Mpwa wangu alibaki chini na wanaume. Asila alinipokea kwa mikono miwili, akaniita dada, akanitilia kahawa. Ni mwanamke mwembamba, mikono yake imekomaa kama ya mtu wa shamba. Khamis alikuwa amelala chumba hicho hicho, kwenye kitanda cha spitali, amenyolewa vizuri, kanzu safi. Nilimsalimu. Alitoa sauti moja ndefu, na macho yake yakanishika hayakuniachia. Kusikia na kufahamu hakukumpotea hata kidogo, Asila alisema. Kilichompotea ni kujibu.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yalikimbia. Kwa hiyo nilimweleza jinsi nilivyowaeleza nyinyi hapa, kwa mpango, tangu dua mpaka bishti. Nilieleza mbele ya Khamis, kwa sababu niliona kumtoa mtu kwenye habari yake mwenyewe ni kosa jingine. Asila hakunikatiza. Kahawa yake ilipoa mkononi.

"Kiti hicho kilikaa kitupu muda gani?" aliuliza mwishowe.

"Kama dakika hamsini."

"Na wewe ulikuwa unakiona."

"Nilikuwa nakiona."

Nilisikia mpwa wangu anacheka na wenyeji chini. Khamis alikuwa anamtazama mkewe sasa, si mie.

"Nataka nifahamu jambo moja tu, dada," Asila alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. "Ungekata, wangekufanya nini?"

Nilitafuta jibu lililo kubwa zaidi ya lile nililokuwa nalo.

"Wangenigombeza," nikamwambia.

Asila aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa bei ya kitu. Kisha akaangalia saa ya ukutani, akaniomba nisogeze kiti changu. Akapitisha mikono chini ya mabega ya mumewe, akamgeuza upande wa pili, kwa sababu wakati wa kumgeuza ulikuwa umefika.